Ditekta ya mkononi ya Sh3,200: maoni ya aliyeishika mlangoni miaka saba

Ni kile kifimbo cheusi cha kugundua metali ambacho soja hukupitishia mwilini ukiingia dukani, benki au kanisani. Mimi nimekinunua kwa ajili ya karakana. Mume wangu ni seremala, tuko Kariobangi, na mbao zetu nyingi ni za mjengo, zile zilizokwisha kushikilia zege kwenye maghorofa ya watu, pamoja na paleti. Zimejaa misumari iliyokatikia ndani. Mwezi wa tatu msumari mmoja ulimega visu viwili vya mashine ya randa, na bei ya visu hivyo ilitunyima usingizi. Nikamwambia, ngoja, kuna kitu nakijua. Nilikuwa soja wa mlangoni tangu Oktoba 2013 hadi corona ilipotufukuza kazini 2020. Kwa hiyo nikiyaacha mambo ya mbao katikati nikaenda kwingine, mnivumilie.

Kwanza kilichomo kwenye boksi. Kifaa chenyewe, urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidole, mkoba wa kuning'iniza kiunoni, na karatasi ya maelekezo ambayo Kiingereza chake hata Mwingereza angekwama. Betri ya volti 9 haimo, utajinunulia. Pembeni kuna kitufe: ukikisukuma juu kinalia, ukikisukuma chini kinatetemeka bila kelele. Taa ya kijani maana yake kiko macho, nyekundu maana yake kimepata kitu. Karibu na mshikio kuna kitundu chenye skrubu ndogo ya kupandisha na kushusha ukali. Hiyo skrubu nitairudia.

Kinavyofanya kazi ni rahisi. Ndani mna koili inayotengeneza uga wa sumaku, metali ikikaribia uga unavurugika, kifaa kinapiga kelele. Ndiyo yote. Hakijui bastola na kijiko vinatofautianaje. Hakinusi baruti, baruti hunuswa na mbwa aliyefunzwa. Nililijua hili nikiwa na miezi miwili kazini, na hakuniambia bosi, aliniambia fundi wa umeme aliyekuja kurekebisha ile fremu ya kupitia. Nikamuuliza, sasa mtu akija na bomu la unga kwenye mfuko wa nailoni? Akacheka, akasema, "Dada, huyo atakupita akikusalimia."

Nieleze nilivyofika pale. Jumamosi ya tarehe 21 Septemba 2013 nilikuwa nauza mboga Huruma. Jengo la maduka la Westgate liliposhambuliwa tulisikiliza redio siku nne, hadi Jumanne, watu 67 wameuawa. Wauaji, wa kundi la al-Shabaab la Somalia, walikuwa wanne. Hawakupanga foleni, walifika wakipiga risasi na kurusha gruneti, na soja wa kampuni Kenya habebi bunduki. Hata ungempa ditekta tano, moja kila kidole, isingebadilisha kitu. Lakini wiki zilizofuata kila jengo lenye lifti lilitaka ditekta, na kila jengo likagundua kwamba wanawake hawawezi kupapaswa na wanaume. Kampuni za ulinzi zikaanza kutafuta akina mama. Mimi niliandikwa Jumatano, nikafunzwa siku moja na nusu, Jumatatu nikawa mlangoni nimevaa kofia inayonipwaya.

Siku hizo watu walikuwa wanakaguliwa kwa hamu. Sijui niseme vipi. Mtu anafika, anatoa sarafu mwenyewe, anatoa funguo, anapandisha mikono kama anayetaka kuangikwa, na ukimpitishia harakaharaka anakwambia, "Madam, mgongo hujafika." Wazee walinibariki. Mzee mmoja mwenye chuma gotini kila Jumapili alikuwa ananieleza habari za upasuaji wake upya, kwa furaha, kwa sababu goti lililia na kulia kwake kulimthibitishia kwamba mashine ni nzima. Kumbe wateja hawakutaka kimya. Walitaka kusikia pip. Asiyeliliwa hata mara moja aliingia ndani akiwa na wasiwasi.

Hofu ya watu wa Nairobi nimeipima kwa foleni, kwa hiyo naijua: ina miezi minne. Mwezi wa kwanza wanakushukuru. Mwezi wa tatu wanakuonyesha saa. Mwezi wa nne wanapita pembeni ya fremu na simu sikioni, "nimechelewa, madam," na ukiwaita wanakuuliza kama unajua wao ni nani. Kisha kitu kinatokea mahali na tunaanza upya. Siku iliyofuata shambulio la hoteli ya DusitD2 pale Riverside, Januari 2019, foleni yangu ilitoka nje hadi barabarani na hakuna aliyelalamika. Hadi Pasaka walikuwa wamenizoea tena.

Betri. Hapa ndipo kifaa kinapopoteza nyota yake ya kwanza. Kwa kazi ya mlangoni, saa 12 kwa siku, betri ya bei rahisi haimalizi wiki, na ikianza kuchoka haikwambii. Taa ya kijani inabaki kijani, ila sasa utapitisha juu ya funguo za gari na hakilii. Kwetu betri iliombwa kwa fomu, fomu ikaenda ofisini, ofisi ikawa na mambo mengine. Nimewahi kukagua watu siku 19 kwa kifaa kilichokufa. Tuliambiwa tuendelee kupitisha. Nikapitisha. Watu wakaingia wakakunywa kahawa zao. Ukinunua, nunua betri za kuchaji mbili, na kila asubuhi kijaribu kwa sarafu ya shilingi 20 kabla hujamwamini mtu au ubao.

Kabla hamjanicheka kwa kupitisha kifaa kilichokufa, mjue kwamba kuna walionunua kilichozaliwa kimekufa. Mwingereza mmoja, James McCormick, aliwauzia Wairaki kifaa kilichoitwa ADE 651, mshikio wenye antena, akidai kinagundua mabomu kutoka mbali. Ndani hakikuwa na kitu cha kugundua chochote. Alianzia kwenye kichezeo cha kutafutia mipira ya gofu. Askari wa Baghdad walikishika kwenye vizuizi vya barabarani, na magari yenye mabomu yakapita. Alifungwa miaka 10 London mwaka 2013. Kimeuzwa kwa maelfu ya dola kimoja, kwa sababu mji uliojaa hofu haubembelezi bei. Changu cha Sh3,200 angalau kinajua msumari.

Sasa kelele yake. Ni kali, na haina kitufe cha kupunguza sauti, ni ama ilie ama itetemeke. Mnaonunua kwa ajili ya mlango wenye watu wengi, wekeni mtetemo. Nina sababu.

Jumamosi ya tarehe 6 Desemba 2014. Mandera ilikuwa imeshambuliwa mara mbili ndani ya siku kumi, kwanza abiria 28 wa basi, kisha wachimba mawe 36, na watu walikuwa wameshtuka tena, wanaangalia nyuma kila hatua mbili. Jengo letu lilikuwa na duka linalokarabatiwa chini, karibu na mlango mkuu. Saa nane mchana mafundi wakaachia lile lango la chuma la kukunja, likashuka lote kwa mkupuo. Mimi niliye karibu nililiona likianguka kwa macho yangu, na bado miguu iliniisha nguvu. Walio ghorofa ya kwanza hawakuona kitu, walisikia tu. Mtu akapaza sauti, "Ni wao!" Basi.

Kilichofuata ndicho ambacho hakuna aliyekifikiria wakati wa kununua vifaa. Mlango wetu ulikuwa na mabawa mawili ya kioo. Bawa moja lilifungwa kwa komeo chini, kwa amri, ili watu waingie mmoja mmoja wapite kwangu. Ufunguo alikuwa nao msimamizi, na msimamizi alikuwa amekwenda kula. Kwenye bawa lililo wazi kulikuwa na fremu, mbele ya fremu meza ya mikoba, pembeni kamba za foleni na toroli zilizopangwa. Yaani tulikuwa tumejenga zizi. Tulihesabu wanaoingia, hatukuhesabu wanaotoka, na sasa wote walikuwa wanatoka, na wa mbele akikwama kwenye meza wa nyuma hajui, anasukuma tu.

Nilisukumwa nikaangukia fremu. Ditekta ikanitoka mkononi ikalala chini kwenye kile kizingiti cha chuma, na kwa kuwa iko juu ya chuma ikaanza kulia mfululizo, piiiiip, bila kukoma. Mama mmoja aliisikia, akaiona ikimulika nyekundu sakafuni, akapiga kelele kwamba ni bomu linahesabu. Wale waliokuwa wameanza kupoa wakafufuka. Nilikuwa naelekea kuifikia kwa mkono nikakanyagwa kidole hiki, hakijanyooka hadi leo. Kijana wa toroli ndiye aliyetuokoa. Alipinda mgongo akaingia chini ya meza akasimama nayo, ikapinduka upande, watu wakamwagika nje.

Kwenye kamera ilikuwa dakika tatu. Hakufa mtu, namshukuru Mungu. Mzee mmoja alivunjika mkono, mtoto mmoja alipatikana kwenye choo cha wanaume amejifungia, anakataa kufungua hadi asikie sauti ya shangazi yake. Jioni tuliokota viatu tukavijaza kwenye toroli: 31, na vilivyokuwa na mwenzake vilikuwa pea sita tu. Vilikaa kwenye chumba cha mafagio hadi mwaka uliofuata. Hakuna aliyerudi kudai hata kimoja, na vingine vilikuwa viatu vya bei. Nadhani waliona aibu. Hata mimi nimekutana na mteja nje, mtu ninayemkagua kila siku, tukakwepana macho, kwa sababu nilimwona akimvuta mwanamke nywele ili apite.

Ditekta ilikanyagwa ikapasuka. Nilikatwa mshahara miezi mitatu kuilipia. Jumatatu meza ilirudi palepale, na komeo pia.

Kwa hiyo nyota ya pili siwanyimi waliotengeneza kifaa, nawanyima wanaokipanga. Ukikinunulia jengo, kanisa au ukumbi, kabla ya kukitoa kwenye boksi nenda ukafungue mlango wa pili, na ufunguo akae nao aliye mlangoni. Miezi minne baada ya Jumamosi yetu, siku kumi baada ya watu 148 kuuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wanafunzi wa kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi waliamshwa alfajiri na mlipuko wa umeme. Walidhani zamu yao imefika. Wakaruka madirishani kutoka ghorofani. Mmoja akafa, zaidi ya mia wakaumia, na adui hakuwepo. Niliposoma habari hiyo gazetini nilikuwa nimesimama mlangoni, nikageuka nikaliangalia lile komeo.

Nilisema nitairudia skrubu.

Ukiifungua hadi mwisho kifaa kinakuwa kikali kupindukia. Kinalilia zipu, waya wa sidiria, karatasi ya sigara. Ukiishusha kinaruka vitu vidogo na kukamata vikubwa. Karatasi inashauri katikati. Aprili 2014, polisi walipoanza Usalama Watch, msako wa kutafuta magaidi, maelfu wakikamatwa Eastleigh, mtaa wa Wasomali wengi, na kupelekwa uwanja wa Kasarani, msimamizi wetu alinipa maelekezo ambayo hayamo kwenye karatasi yoyote: wengine katikati, wa buibui fungua hadi mwisho. Sasa mwanamke anayevaa mtandio ana pini. Mbili, tatu, nne. Kwa ukali ule pini inalia kama panga. Kwa hiyo kila Msomali aliyepita kwangu alililiwa na kifaa, na kwa kuwa alililiwa alitolewa pembeni, na kwa kuwa kila siku watu waliwaona wametolewa pembeni, walijua kwamba wana kitu. Hivyo ndivyo mashine ya pip ilivyotoa ushahidi. Nyumbani kwetu Huruma hali ilikuwa mbaya zaidi, maana kule hatukuhitaji hata mashine. Mwaka 2012 matatu ilipolipuliwa Eastleigh, vijana niliowajua kwa majina walivuka barabara na mawe. Nami kwenye matatu nimewahi kushuka kabla ya kituo changu kwa sababu kijana amepanda na begi na ndevu. Nikatembea kilomita mbili kwenye jua, na mboga kichwani.

Kulikuwa na mama mmoja wa Kisomali, mteja wa duka la dawa, kila Ijumaa baada ya saa tisa. Baada ya wiki mbili za ule ukali alibadilika. Alikuwa anaanza kufungua mkoba akiwa bado kwenye maegesho, hatua ishirini kabla yangu, anakuja ameushika wazi mbele yake kama mtu anayebeba bakuli la uji wa moto. Simu mkononi, funguo mkononi, pini za mtandio ameziondoa amezichoma kwenye ukosi wa ndani. Hakuwahi kulalamika. Siku moja nilikuwa nimechoka, au niseme ukweli, niliona haya, nikashusha kifaa nikamwambia, "Pita tu, mama." Hakupita. Akasimama. Foleni ikaanza kunung'unika. Akainama kidogo akaniambia kwa sauti ya chini, "Dada, nikague. Hao wa ndani wameona hujanikagua."

Nikamkagua. Nilishusha skrubu kwa ukucha kwanza, kikakaa kimya mwili mzima, kimya kinachosikika hadi kwenye foleni. Tangu siku hiyo niliiweka katikati kwa watu wote, na msimamizi hakugundua, kwa sababu hakuwahi kukishika.

Haya, mbao. Nimekitumia wiki sita. Msumari wa inchi tatu unakamatwa hata ukiwa umezama kiasi cha vidole viwili. Wa inchi moja lazima uwe karibu na uso. Nafungua skrubu hadi mwisho, maana ubao hauoni aibu, napitisha taratibu upande hadi upande, kinapolia naweka chaki, mume wangu anachimba na koleo. Usipitishie karibu na meza ya mashine, chuma cha meza kitakudanganya. Na usipite kwa haraka kama sisi tulivyokuwa tunafanya saa kumi na moja jioni. Kasi ya mkono ni kila kitu. Tangu tukinunue hatujamega kisu hata kimoja, na kwenye rundo moja la paleti nilihesabu misumari 47.

Nyota tatu kati ya tano. Ya betri na ya mlango nimeshaeleza ziliko.

Juzi kijana anayetuletea paleti alifika na mkokoteni, mgeni, hatujawahi kuonana. Nikatoka na ditekta mkononi nianze kazi. Akaona, akaachia mkokoteni, akatoa simu mfukoni, akapandisha mikono yote miwili akageuka mgongo. Nikamwambia, "Shusha mikono, baba. Nataka mbao."